Nyonga, Magoti na Mgongo: Mwongozo kwa Sisi Tunaoishi na VVU Kigoma

Ukikaa asubuhi kwenye benchi la CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, iwe Kigoma mjini, Ujiji au Kasulu, angalia watu wanavyoinuka wakiitwa. Huyu anashika goti. Yule anasukuma benchi kwa mikono miwili ndipo anyanyuke. Mwingine anasema "mgongo huu!" na kuvuta pumzi. Wakishaingia ndani wanaulizwa, "Unaendeleaje?" Wanajibu, "Salama tu." Wanapewa dawa za miezi mitatu au sita, wanarudi nyumbani na maumivu yao yale yale.

Nami nilijibu "salama tu" karibu mwaka mzima, kumbe nyonga yangu ya kushoto inakufa. Sisemi kwa mafumbo. Mfupa ulikuwa unakufa kweli, na nitaeleza mbele kidogo ilivyotokea. Leo ni mshauri wa WAVIU wenzangu, yaani watu wanaoishi na VVU, nauza dagaa, natembea na mkongojo. Ninachotaka ni wewe ujifunze kuyatambua maumivu yako mapema, uyataje kwa maneno ambayo daktari anaweza kuyafanyia kazi, na usijitibu kwa vitu vitakavyokuharibia figo na mifupa.

Kwa nini mwili unauma na dawa ninameza?

Mfupa ni kitu hai. Kila siku kuna seli zinazobomoa sehemu zilizochakaa na seli nyingine zinazojenga upya. VVU ikiingia, kinga ya mwili hukaa vitani muda wote, na kemikali inazomwaga huwachochea wale wabomoaji. Mfupa unapungua uzito wake polepole bila kuuma hata kidogo. Hilo likushike akilini: mfupa kuwa mwepesi hakuumi. Unajua siku unapoteleza gatini na mkono kuvunjika kwa kuanguka ambako zamani kungekuachia mchubuko tu.

Mtu anapoanza ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, mwaka wa kwanza hadi wa pili mifupa hupungua tena, kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 6, kisha hali hutulia. Tenofoviri, iliyomo kwenye kidonge ambacho wengi wetu tunameza, huchangia zaidi kuliko dawa nyingine. Nimeona watu wakisikia hivyo wanataka kuacha dawa. Tafadhali usiache. Ukiacha, virusi vinarudi, vita vya ndani vinawaka upya, na hapo utapoteza mifupa, misuli na maisha. Dawa inaweza kubadilishwa na daktari ikibidi, lakini haiachwi.

Misuli nayo ina mambo yake. Kabla ya tiba, virusi hukondesha: mtu anapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake huku ana homa au kuhara kusikoisha mwezi mzima. Misuli inaweza pia kuwaka na kulegea kwa sababu ya virusi vyenyewe, au kwa sababu ya dawa, hasa zidovudini. Viungo navyo huvimba, mara nyingi magoti na vifundo vya miguu, na kwa baadhi ya watu vikatulia ndani ya wiki chache bila kuacha ulemavu.

Halafu kuna umri. Huduma za ARV za bure zilianza nchini mwaka 2004. Aliyeanza siku zile akiwa na miaka 35 sasa amepita 50, na mama aliyekoma hedhi anapoteza mfupa kwa kasi hata kama hana virusi. Kwa hiyo neno "ni uzee tu" linaweza kuwa na ukweli ndani yake, ila lisikubaliwe kabla mtu hajaguswa wala kupimwa.

Hatua ya 1: Jua unachomeza

Chukua kopo lako, soma au somewa. Kwa wengi kidonge ni kimoja kwa siku, TLD, ambacho kimekuwa dawa ya kwanza kwa watu wazima nchini tangu 2019. Ndani yake kuna tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ukiwa na TLD, jambo lako kubwa ni figo. Tenofoviri inaweza kuzichosha figo, na figo zilizochoka humwaga fosfeti kwenye mkojo, ile madini ambayo mfupa unaihitaji ili uwe mgumu. Mfupa unakuwa laini, na mtu anaanza kuumwa mbavu, nyonga na miguu kwa pamoja.

Kama kwenye kopo kuna zidovudini, jambo lako ni misuli ya mapaja na mabega. Kama uko kwenye dawa za mstari wa pili, zile za kubadilishiwa za kwanza zikishindwa, zenye ritonaviri, andika jina hilo nyuma ya kadi yako, kwa sababu nitalirudia kwenye habari ya sindano. Na kama unameza dawa za TB, fahamu kwamba pirazinamidi ya miezi miwili ya mwanzo huongeza asidi ya yuriki kwenye damu na inaweza kuleta maumivu ya viungo. Nayo usiiache. Iseme.

Walioanza zamani wanaikumbuka stavudini. Iliwakondesha wengi mashavu na miguu, ikawaacha na nyayo zinazowaka moto. Kile kilichopungua miguuni kilikuwa mafuta, na nyayo kuwaka ni habari ya mishipa ya fahamu. Ukimwambia daktari "misuli yangu iliisha" wakati nguvu unazo, mtakwenda njia mbili tofauti. Ndiyo maana hatua inayofuata nimeipa nafasi kubwa kuliko zote.

Hatua ya 2: Tafuta ni nini hasa kinachouma

Fanya haya nyumbani, asubuhi, kabla hujameza kitu cha kutuliza maumivu. Kaa na mtu unayemwamini kama yupo.

Anza na misuli. Chukua kiti kisicho na mikono, kaa, kunja mikono kifuani, simama na ukae mara tano mfululizo huku mwenzako anahesabu kwa simu. Zikipita sekunde 15, miguu yako ni dhaifu kuliko inavyotakiwa. Ukishindwa kuinuka bila kushika kitu, hilo ni kubwa zaidi. Kama huna kiti, jiulize kuhusu choo: ukichuchumaa, unainuka mwenyewe au unashika ukuta? Kisha mikono: unaweza kujifunga kilemba, kujisuka, kutwika ndoo bila kusaidiwa? Ugonjwa wa misuli huanza karibu na kiwiliwili, yaani mapaja, nyonga na mabega. Mtu anaweza kushika kalamu vizuri kabisa na kushindwa kupanda kilima cha kwenda kwake.

Sasa linganisha na mishipa ya fahamu. Hiyo huanza mwisho wa mwili, kwenye vidole vya miguu: ganzi, kuchomachoma, moto usiku hata shuka ikigusa unaumia. Kama ndivyo, na unameza isoniazidi ya kinga au ya tiba ya TB, uliza kama unapewa vitamini B6. Isoniazidi huila vitamini hiyo, na kidonge chake ni kidogo na cha kawaida sana.

Viungo. Vihesabu kwa kugusa, kimoja kimoja, ukilinganisha kulia na kushoto kwa mgongo wa kiganja. Je, kuna kilicho cha moto? Kuna kilichovimba, au kinauma tu? Kinauma asubuhi kikalegea ukianza kazi, au kinazidi kadiri unavyokitumia? Goti la mama anayeinama juani kugeuza dagaa kwenye vichanja pale Kibirizi huzidi jioni. Kiungo kinachowaka kwa ugonjwa huwa kigumu asubuhi, hata zaidi ya nusu saa, kisha kinalainika. Jiulize pia kama wiki mbili tatu zilizopita ulihara au ulitokwa na usaha sehemu za siri. Kuna aina ya ugonjwa wa viungo unaokuja baada ya hayo. Unashika magoti, visigino, kidole cha mguu kinavimba chote toka shina hadi ncha, na wakati mwingine macho yanakuwa mekundu. Watu huona aibu kutaja ule usaha, na bila kuutaja tiba inakuwa nusu.

Nyonga ndiyo inayodanganya. Tukisema "nyonga inauma" wengi tunashika nyuma, kwenye tako au kiuno. Kiungo chenyewe kiko mbele, ndani ya kinena. Na maumivu yake hushuka mpaka gotini, hata mtu akapigwa picha ya goti mara mbili na goti ni zima. Kaa kwenye kiti, weka kifundo cha mguu juu ya goti la pili kama anayetaka kutoa mwiba kwenye unyayo. Ukishtuka kwa maumivu ya kinena, mtuhumu nyonga, hata kama moyoni unaamini ni goti.

Mwisho mgongo. Mwambie mwenzako apitishe kidole gumba kutoka shingoni hadi kiunoni, akibonyeza pingili moja moja. Mgongo uliochoka kwa kubeba huuma pembeni, kwenye nyama, tena eneo pana. Ukiruka kwa pingili moja tu ya katikati, na maumivu hayo yamedumu wiki kadhaa, yanakuamsha usiku, unatoka jasho na nguo zinalegea, fikiria TB ya uti wa mgongo. Pale CTC kila mara tunaulizwa maswali manne ya TB: kikohozi, homa, kupungua uzito, jasho la usiku. Hakuna anayeuliza habari ya mgongo. Utaje mwenyewe. Mtu anaweza kuwa na TB ya mfupa bila kukohoa hata mara moja.

Andika yote kwenye daftari la shule: mahali, siku yalipoanza, saa yanapozidi, kitu unachoshindwa kufanya. Kama hupendi kuandika, chora mtu wa vijiti na utie alama ya X. Nimewapokea wazee waliokuja na mchoro, na daktari aliuelewa kwa haraka kuliko maelezo.

Hatua ya 3: Yasiyosubiri tarehe ya kliniki

Sisi tunaochukua dawa za miezi sita tuna hatari yetu. Tukiwa tumetulia, tunaona kliniki ni siku ya kuchukua kopo, na maumivu tunayawekea hadi siku hiyo. Haya hapa unaenda siku hiyohiyo, hata kama kadi inasema mwezi wa tisa.

Kiungo kimoja kimevimba ghafla, cha moto, hukunji wala hukunjui, na una homa. Huenda kuna usaha ndani, na usaha hula gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, kwa siku chache tu.

Paja au tako limekuwa gumu kama ubao, linauma, una homa, ingawa ngozi juu yake haijawa nyekundu. Hili nilieleze. Mvuvi mmoja alinifuata nikiwa nauza dagaa, akiuvuta mguu. Nikamuuliza, "Kaka, paja hilo limeanza lini?" Akasema, "Juzi dada, nimekazwa na nyavu. Jioni naenda kuchuliwa." Nilimshika mkono, ulikuwa na joto la homa. Nikamsihi asichuliwe. Usaha ndani ya msuli ni ugonjwa wa nchi za joto, na sisi wenye VVU unatupata zaidi. Bakteria hukaa katikati ya nyama, siku za mwanzo huwezi kuuona kwa macho. Ukichuliwa au ukichanjwa chale unausambaza. Unatakiwa dawa za bakteria, na ukishakusanyika unatolewa hospitalini. Kwa yule kaka walitoa usaha wa kujaza bakuli. Anavua mpaka leo.

Miguu inalegea pamoja na maumivu ya mgongo, au mkojo na choo vimeanza kukushinda. Usilale na hilo hata usiku mmoja.

Misuli yote inauma sana na mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi.

Na wewe uliyeanza ARV miezi mitatu iliyopita au chini ya hapo: kinga inapoamka huweza kuufichua ugonjwa uliokuwa umelala, TB ikiwemo. Maumivu mapya ya kiungo au mgongo kipindi hicho yaripoti mapema, huku ukiendelea kumeza.

Hatua ya 4: Weka chini haya kwanza

Diklofenaki. Najua inapatikana kila duka la dawa, ni ya bei ndogo, inatuliza. Lakini diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zinabana figo zilezile ambazo tenofoviri inapita. Siku mbili tatu kwa maelekezo ya daktari anayejua uko kwenye TLD ni jambo moja. Kununua karatasi nzima kila wiki miezi mitano, kama nilivyofanya mimi, ni jambo lingine. Kwa kuanzia tumia parasetamoli: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500, isizidi mara nne kwa siku, na iwe kwa siku chache. Ukiwa umekonda sana, unakunywa pombe au una ugonjwa wa ini, uliza kipimo chako kwanza.

Tatizo la duka la dawa ni kwamba wengi hatutaki kusema pale tunameza nini. Muuzaji ni jirani. Basi sema hivi: "Nina dawa ya kila siku inayopita kwenye figo, nipe ya maumivu isiyogusa figo." Hujasema kitu kuhusu afya yako, na umejilinda.

Cha pili ni vidonge vya kunenepa. Hapa ndipo ilipo nyonga yangu. Mwaka ambao nilipungua uzito, watu sokoni walianza kuniangalia kwa jicho lile tunalolijua. Mtu akaniletea vidonge vidogo vilivyofungwa kwenye karatasi, visivyo na jina. Uso ukajaa ndani ya mwezi, hamu ya kula ikaja, nikajiona nimepona. Nikavimeza mwaka na zaidi. Vilikuwa deksamethazoni, dawa ya jamii ya steroidi, ndugu ya prednisoloni. Hospitalini ni dawa nzuri kwa magonjwa yake na kwa muda wake. Ikitumiwa hovyo inakula mifupa, inanyong'onyeza misuli ya mapaja, na inaweza kukata njia ya damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Kichwa hicho ni kama mpira unaozunguka ndani ya kikombe. Kikikosa damu kinakufa, kinabonyea, na kiungo kizima kinaharibika. VVU peke yake inaongeza hatari ya jambo hilo, pombe nyingi inaongeza tena, na mimi nikaweka steroidi juu yake.

Kama unavimeza sasa hivi, usiviache ghafla leo usiku. Mwili uliozoea steroidi ukinyimwa kwa mara moja unaweza kuzimia. Nenda navyo CTC, vionyeshe, upunguziwe kidogo kidogo.

Cha tatu ni sindano ya gotini au begani. Ni tiba halali, wala siipingi. Ila dawa inayochomwa mara nyingi ni steroidi, na ritonaviri huizuia mwili usiivunje, ikakaa na kujilimbikiza kwa wiki nyingi. Kama jina ritonaviri liko kwenye kadi yako, onyesha kadi kabla sindano haijavutwa.

Kuhusu kuchua kwa jumla, mafuta ya mise au mawese kwenye goti lililochoka kwa kazi hayana ubaya, na mikono ya dada yako inafariji. Pasipochuliwa ni penye joto, pagumu au penye uvimbe mpya, na pingili inayouma peke yake.

Hatua ya 5: Dakika zako kumi na daktari

Usijibu "salama tu". Jibu lako liwe na mahali, muda na kazi iliyokushinda. Kwa mfano: "Daktari, dawa nameza vizuri. Tangu mwezi wa pili kinena cha kushoto kinauma nikitembea, sasa nikipumzika pia. Siwezi kuchuchumaa. Nimemeza diklofenaki wiki sita." Sentensi nne. Hiyo ya mwisho inauma kuisema, na ndiyo inayookoa figo.

Omba au uliza kuhusu haya, kadiri ya tatizo lako: kipimo cha figo, yaani kreatinini, na mkojo kuangalia protini na sukari, wingi wa virusi kama mwaka umepita tangu kipimo cha mwisho, uzito ulinganishwe na wa mahudhurio matatu ya nyuma yaliyoandikwa kwenye kadi. Kama uko kwenye TLD na kreatinini imepanda kidogo, usiogope papo hapo. Dolutegraviri huweza kuipandisha kidogo bila kuumiza figo, na daktari ataifuatilia kabla ya kuamua.

Picha ya X-ray inahitaji maneno yake. Picha yangu ya kwanza ilikuwa safi. Nikaambiwa, mahali ambapo sitapataja, kwamba sina kitu, ni umri na uzito, nipunguze mwili. Nilirudi nyumbani nikajilaumu. Baada ya miezi kadhaa picha ya pili ilionyesha kichwa cha mfupa kimeshabonyea. Nimejifunza kwamba nyonga inayokufa, hatua za mwanzo, haionekani kwenye X-ray. Inaonekana kwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Vilevile mfupa uliopungua hauonekani kwenye X-ray mpaka uwe umepoteza karibu theluthi. Kwa hiyo picha safi na maumivu yanayoendelea wiki sita zaidi ni sababu ya kurudi na kusema, "Bado, na yamezidi. Naomba rufaa." Hospitali ya Maweni ndiyo ya mkoa, na ikibidi kwenda mbele kuna Bugando kule Mwanza na MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako nyonga hubadilishwa. Ikigundulika upande mmoja, omba na wa pili uangaliwe, maana mara nyingi ugonjwa huu hushika zote mbili.

Safari hizo zina gharama, nazijua. Kabla hujauza kitu, nenda ustawi wa jamii wa hospitali, eleza hali yako. Na kama unavua, omba tarehe zako ziangukie siku za mbalamwezi, wakati karabai haziendi ziwani. Wahudumu wengi hukubali wakiambiwa sababu, na wewe hutakosa kliniki kwa ajili ya dagaa.

Chakula, jua na kazi ya mwili

Hapa sitaongea sana, kwa kuwa Kigoma tumebarikiwa. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake ni kalisi na protini kwa pamoja. Kula kiganja kimoja kila siku kuliko kula sahani nzima siku moja ya wiki. Mgebuka, maharage ya Kasulu, kisamvu, matembele, vyote vinajenga. Ugali wa muhogo peke yake na chumvi haujengi msuli, hata ukishiba.

Jua lipo mwaka mzima, na ngozi ndiyo inayotengeneza vitamini D. Ila mvuvi anayekesha ziwani na kulala mchana, au mama ambaye hatoki ndani, anaweza kukosa. Toa mikono na miguu juani kidogo siku kadhaa za wiki.

Ukipewa vidonge vya kalisi, au mjamzito akipewa vya kuongeza damu, vinaweza kuishika dolutegraviri tumboni isiingie kwenye damu. Meza TLD saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Ukitaka kumeza pamoja, basi iwe pamoja na chakula. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hazina ruhusa hiyo ya chakula: kwa hizo ni saa mbili kabla au saa sita baada, basi.

Sigara na gongo zote mbili hula mfupa. Nimeshayaona, sina la kulainisha hapo.

Mazoezi ni tiba, hata kwa mtu anayeumwa, mradi ile orodha ya hatua ya tatu haipo. Mfupa hujengwa kwa kubeba uzito, msuli kwa kusukumwa kidogo zaidi ya jana. Kutembea kwa haraka nusu saa siku tano za wiki kunatosha. Ongeza, mara mbili kwa wiki, lile jaribio la kiti: simama na ukae mara nane, pumzika, rudia mara tatu. Simama ukutani, sukuma ukuta kwa mikono. Panda juu ya ngazi moja na kushuka. Aliyekonda sana aanze na mara tatu, asione haya. Anayetwika ndoo mbili za maji kila asubuhi tayari anabeba uzito, anachokosa ni kupumzisha kiuno: ashushe ndoo kwa kukunja magoti, wala asiiname kwa mgongo.

Na usianguke. Tochi karibu na kitanda kwa ajili ya choo cha usiku, kandambili zisizoteleza gatini, na boda moja ibebe abiria mmoja.

Kama umeshaambiwa utumie mkongojo

Mwenzangu, najua inavyokuwa. Unaona wote sokoni watajua. Mimi niliuficha wiki tatu nyuma ya mlango, nikawa natembea kwa kuyumba, ambako ndiko kulikovuta macho ya watu zaidi.

Simama wima umevaa viatu vyako vya kila siku, mikono imening'inia. Kichwa cha mkongojo kifike kwenye kifundo cha mkono wako, pale saa inapovaliwa. Ukiwa mrefu zaidi unainua bega, ukiwa mfupi unakukunja mgongo. Kwa fundi wa mbao ni kazi ya nusu saa, na chini afunge kipande cha mpira wa tairi usiteleze.

Ushike kwa mkono wa upande usiouma. Karibu kila mtu ninayekutana naye anaushika upande mbovu, kwa sababu ndivyo akili inavyotuma, na nyonga inabaki kubeba mzigo uleule. Nyonga yangu mbovu ni ya kushoto, mkongojo uko mkono wa kulia. Mguu wa kushoto na mkongojo vinakwenda mbele pamoja, kisha wa kulia unafuata. Ukipanda ngazi, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza mbovu pamoja na mkongojo. Jaribu uani kwako mara kumi kabla ya kutoka barabarani.